Barazani pao ni wapi? Siku saba na kamera katika miji ya Uingereza

Mama yangu anaishi Ngamiani, Tanga. Nilipomtumia picha za London, ile saa kubwa, lile daraja linalofunguka, askari wa kofia za manyoya, alinirudishia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hizi nimeziona kwenye kalenda tangu wewe hujazaliwa. Nionyeshe watu wanapokaa. Barazani pao ni wapi?"

Nina miaka sita Leicester, nahudumia wazee zamu ya usiku, na swali hilo lilinikuta sina jibu. Watu wa hapa nawajua wakiwa wamelala. Nawageuza, nawapa dawa, nasikia wakiita majina ya ndugu waliokufa zamani. Mchana wao siujui. Basi nilipopata likizo ya wiki moja mwishoni mwa Oktoba 2024, nikafunga begi dogo, nikajiwekea sharti: nisipige ngome, wala kanisa kuu, wala jumba la mfalme. Nipige kile ambacho mwenyeji anakipita bila kugeuza shingo.

Kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na lenzi ninayo moja tu, ya milimita 35, isiyovuta. Ukitaka sura ya mtu ijae kwenye picha, unamsogelea. Naipenda kwa sababu hiyo. Sheria ya Uingereza haimzuii mtu kupiga picha barabarani, wala haidai ruhusa ya anayepigwa. Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu hapigwi kimyakimya kama ndege mtini. Nilipotaka sura niliomba, na nilipokataliwa nilishukuru nikaenda zangu.

Jumanne, 22 Oktoba. Leicester

Nimeanzia nyumbani, Belgrave Road. Taa za Diwali zimeshatundikwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili, na saa kumi na mbili na robo jioni mbingu ilikuwa bado na buluu ya kutosha. Huo ndio muda ninaoupenda huku. Tanga jua likizama giza linakuja mbio. Ukishughulika na lenzi kidogo tu, usiku umeingia. Hapa jua la Oktoba linatambaa chini chini kutwa nzima, na likishazama linaacha nyuma mwanga mwororo wa nusu saa, usio na kivuli kikali, unaomtendea haki kila mtu, mwenye ngozi nyeupe na mwenye ngozi kama yangu.

Nikaingia duka moja la vitambaa kuomba kupiga picha dirishani kutokea ndani. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi mwenye fulana nzito ya sufi. Aliposikia jina la Tanga akaacha Kiingereza palepale. "Kuja, keti. Iko baridi huko nje." Nikamwamkia shikamoo, akajibu "Mzuri sana!" kwa furaha, maana kwao Jinja salamu hiyo haikuwa desturi. Alikuja mwaka 1972, kijana wa miaka kumi na tisa, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mwaka huohuo halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la *Uganda Argus*, kuwasihi wasije Leicester kwa sababu mji umejaa. Wakaja. Leo barabara yote hii ni maduka yao, ya dhahabu, sari na vitafunio, na kwenye orodha ya chakula ya mgahawa wa jirani kuna kitu kinaitwa "mogo". Ni muhogo wetu, umepita kwenye Kigujarati ukapoteza silabi, umekaangwa na kutiwa pilipili.

Hakutaka kupigwa sura. Alikubali mikono. Nyuma ya kaunta, karibu na hita, kuna viti viwili vya plastiki vimeelekeana, na kati yao sanduku lenye vikombe viwili vya chai. Aliniambia kiti cha pili ni cha rafiki yake wa Kisumu, anayefika kila siku saa kumi. Nikapiga mikono yake ikishika kikombe, spidi ndogo, pumzi nimeibana.

Jumatano, 23 Oktoba. Leicester tena

Manyunyu tangu asubuhi. Nimezunguka mitaa ya nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, matofali mekundu, kila nyumba na mlango wa rangi yake. Leo ilikuwa siku ya taka, na mapipa ya magurudumu yalipangwa mbele ya milango kama watoto wanaosubiri kuitwa majina. Nyuma ya nyumba, kwenye vichochoro, ndiko kamba za nguo zilipo. Nilikuta uani shuka mbili zimeanikwa huku mvua inanyesha. Nafikiri mwenyewe alikwishakata shauri kwamba anayengoja jua la Oktoba ataanika mwakani.

Nimepiga masanduku ya posta, sita kwa siku moja. Wenyeji hawayaoni tena, lakini kila moja limebeba herufi za mfalme au malkia aliyekuwa akitawala lilipotengenezwa. VR ni Victoria, aliyefariki 1901. GR ni George wa Tano, GVIR ni George wa Sita, EIIR ni Elizabeth. Sanduku la VR linalopokea barua leo limesimama pale tangu Tanga ikiwa chini ya Mjerumani. Nililigusa. Chuma chake kimepakwa rangi nyekundu mara nyingi hata kingo za herufi zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Juu ya sanduku jingine kulikuwa na kofia ya uzi iliyofumwa kwa mkono, yenye maboga na bundi wa sufi. Kina mama wa mtaani huzifuma na kuzivisha usiku, hawaandiki majina yao. Nimempigia mama huyo bundi. Hilo peke yake lilitosha kwa leo.

Alhamisi, 24 Oktoba. Chesterfield

Saa moja hivi kwa treni kuelekea kaskazini. Kabla hujateremka unaliona kanisa la Chesterfield, mnara wake wa mbao uliofunikwa madini ya risasi umejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa na kuinama. Unasimama mita 69 hivi, na ncha yake imehama karibu mita tatu kutoka mahali ilipopaswa kuwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mbao zilijengwa zikiwa mbichi, karne ya 14, kisha zikabebeshwa tani nyingi za risasi. Sharti langu lilinikataza kuupiga, ila mnara huo haukwepeki: uko kwenye vioo vya maduka, kwenye madimbwi, kwenye nembo za biashara. Niliupiga mara moja, umetokea kwenye kioo cha dirisha la kinyozi, kichwa cha mteja kikiwa chini yake.

Nilichokijia ni soko. Chesterfield wana hati ya soko tangu 1204, na Alhamisi uwanja wa mawe mbele ya jengo la soko hujaa vitu vilivyokwisha kutumika. Hapa nilizama saa tatu. Vijiko vya fedha ndani ya kopo la biskuti. Albamu za picha za harusi za watu usiowajua, zinauzwa pamoja na maharusi wake, na hilo liliniumiza kidogo. Nilifungua moja nikaifunga. Patasi zenye mipini iliyoiva kwa jasho la fundi. Muuza patasi aliniita "duck", yaani bata, na nikajua si matusi, maana hata Leicester wazee wangu huniita hivyo nikiwafunika blanketi. Ni neno la mapenzi katika sehemu hizi.

Mvua ilipozidi nikaingia ndani ya jengo la soko, kwenye kafe yenye meza za plastiki na madirisha yaliyojaa ukungu wa chai. Meza ya kona walikaa kina mama wawili, nywele nyeupe, birika moja, vikombe viwili, keki moja imekatwa nusu. Mmoja alikuwa na koti la bluu hajalivua. Alikuwa ameinama mbele, kiganja kimoja mezani, na mwenzake ameziba mdomo kwa vidole. Nilisogea nikaomba. Mwenye koti la bluu akasema nipige tu, mradi nisimkatize, akaendelea alipoachia. Nikapiga tatu. Nilipowaonyesha kwenye skrini ya kamera wakatazama kwa adabu, wakasema nzuri, wakarudi kwenye yao.

Sikudhani kama nimepata kitu. Chumba kilikuwa na giza, rangi za picha zilivutia umanjano.

Ijumaa, 25 Oktoba. Bolton

Treni ya Manchester inapita ndani ya milima, inazama kwenye handaki refu karibu na Sheffield, inatokea kwenye bonde la kijani lenye kuta za mawe na kondoo. Sikupiga kitu. Manchester nilibadilisha treni tu.

Nilikuwa na sababu ya kwenda Bolton. Mwaka 1937 kundi la watafiti lililojiita Mass-Observation lilihamia mji huu kuandika namna watu wa kawaida wanavyoishi: wanakunywa nini, wanazungumza nini kwenye basi, wanazikana vipi. Mpiga picha wao alikuwa Humphrey Spender, kijana wa kusini, mwenye Leica ndogo aliyoificha chini ya koti. Picha zake sehemu kubwa ziko kwenye makumbusho ya Bolton. Ni picha za watoto wakicheza kwenye vumbi, wanaume baa, kamba za nguo zilizokatiza vichochoro chini ya moshi wa viwanda vya pamba. Mbele ya picha zile nilijua kwamba kazi ninayoihangaikia ilikwisha kufanywa, tena vizuri kunishinda, miaka mingi kabla yangu.

Nilijiuliza swali la koti pia. Picha za Spender zina uhai kwa sababu watu hawakumjua, na yeye mwenyewe aliwahi kueleza kwamba kazi ile ilimkera rohoni, kuwachungulia watu asiokuwa mwenzao. Nikaamua kubaki na njia yangu. Picha nyingi zitanipita kwa kuomba ruhusa. Zitakazobaki nitaweza kumwonyesha aliyemo.

Mchana nikatembea mitaa ya nyumba za wafanyakazi wa viwanda, zinazofunguka moja kwa moja barabarani bila hata uzio. Kila mlango una kizingiti cha jiwe. Zamani, katika miji hii ya Lancashire, wanawake walikisugua kizingiti kwa jiwe maalumu mpaka ukingo ung'ae, na aliyeacha kusugua alisemwa. Jioni za joto watu walikaa hapohapo, mlangoni, miguu barabarani, wakiongea na wa ng'ambo. Nilipokumbuka hilo nilisimama katikati ya mtaa. Mama, hii ndiyo ilikuwa baraza yao! Jiwe la upana wa futi tatu. Sasa ng'ambo haionekani, magari yameegeshwa pande zote mbili, mlango kwa mlango. Nilipiga kizingiti kimoja kilichoingia ndani katikati, kimeliwa na nyayo za watu wa karne nzima. Juu yake kulikuwa na chupa moja ya maziwa, tupu, imeoshwa, inangoja kuchukuliwa.

Soko la Bolton lina samaki wengi kuliko nilivyotarajia kwa mji usio na bahari. Nikanunua muhogo kwa dada mmoja aliyeupanga pamoja na ndizi za kupika. Sikuwa na jiko pa kuupikia, nikaubeba tu.

Jumamosi, 26 Oktoba. Preston

Nimelala Preston ili niamkie stendi ya mabasi. Najua mtu atashangaa. Stendi ya Preston ilijengwa 1969, zege tupu, na juu ya kumbi zake kuna maegesho ya magari yenye kingo zilizopinda kama mawimbi yaliyoganda, ghorofa juu ya ghorofa. Ilijengwa na milango 80 ya kupandia, 40 kila upande. Ilitakiwa ibomolewe, watu wa mji wakaipigania mpaka mwaka 2013 ikaandikwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Nimependa kwamba wamepigania stendi. Kanisa kila mtu hulitetea. Stendi ni ya aliyechelewa, mwenye mfuko wa vitunguu, msichana wa kiwandani, mzee asiye na gari.

Saa mbili na nusu asubuhi mwanga uliingia chini ya kingo zile ukalala sakafuni kama mkeka. Benchi za ubao, rangi yake karibu na mvule uliopigwa vanishi. Waliokaa walikuwa saba. Nilihesabu kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekaa karibu na mwenzake. Kila mtu aliacha nafasi ya mtu mmoja na nusu. Niliwapiga kwa mbali, wakiwa vivuli vyeusi mbele ya vioo, hakuna anayeweza kutambuliwa. Picha hiyo ninaiona kuwa nzuri kuliko zote nilizopiga safari hii, na ni ya kusikitisha.

Katikati ya mji, kando ya jengo la zamani la posta, kuna vibanda vya simu vyekundu tisa vimepangwa mstari mmoja. Vimebuniwa na Giles Gilbert Scott, muundo wa mwaka 1935, uliotolewa kuadhimisha miaka 25 ya mfalme George wa Tano. Kibanda kimoja unakiona kila mahali, kwingine kimefanywa maktaba ndogo ya kijiji, kwingine kimewekwa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Tisa pamoja ni jambo la Preston. Nilisimama ubavuni mpaka vikawa ukuta mmoja mwekundu, nikangoja mtu apite. Akapita mtoto na skuta.

Hatua chache kutoka hapo uko mnara wa kumbukumbu ya vita, wa mawe, uliozinduliwa 1926, na mbunifu wake ni huyohuyo Scott. Mkono mmoja ulichora mahali pa kupigia simu nyumbani na mahali pa kuwakumbuka wasiorudi nyumbani.

Sikuwa na nia ya kukaa pale. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, na Preston palikuwa makao ya kikosi cha Loyal North Lancashire. Batalioni yao ya pili ilikuwa India vita vilipoanza. Ikapakiwa melini pamoja na maelfu ya askari wa Kihindi, jeshi la watu 8,000 hivi, na Novemba 1914 ikateremshwa pwani ya Ras Kazone kuuteka mji wetu. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, na zaidi ya wote askari wao Waafrika, hawakuzidi elfu moja na ushei, wakawarudisha baharini. Nyuki walichafuka kwenye mizinga yao mitini, wakawauma wa pande zote mbili. Nimekua nikisikia hadithi ya nyuki hao. Nilicheza nikiwa mdogo kwenye ufukwe walikoteremkia vijana wa mkoa huu, na sikuwahi kujua walitoka wapi.

Mzee mmoja alisimama na trei ya maua mekundu ya karatasi, yale yanayovaliwa kifuani kuelekea kumbukumbu ya Novemba 11. Nikanunua moja. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, na nikamweleza kwa nini nimesimama. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Alinyamaza, kisha akatoa penseli mfukoni, akaniomba nilitamke tena herufi kwa herufi, akaliandika kwenye kifuniko cha kasha lake: TANGA. Niliomba kupiga kile kifuniko. Akakishika mwenyewe, vidole vimekunjana kwa baridi, na nikahitaji kupiga mara nne kwa sababu mkono uliokuwa ukitetemeka ulikuwa wangu.

Jumapili, 27 Oktoba. Morecambe

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma. Ikifika saa nane usiku inakuwa saa saba tena. Mwaka jana nilikuwa zamuni, nikaiishi saa hiyo mara mbili kati ya vitanda, na mzee mmoja alikuwa macho nami saa zote mbili. Mtu wa kwetu saa zake zimefungwa kwenye jua, likichomoza ni kumi na mbili, likizama ni kumi na mbili, mwaka mzima. Huku wanalihamisha jua kwa amri. Jana kati yangu na mama palikuwa na saa mbili. Kuanzia leo ni tatu.

Treni ya Lancaster, kisha nyingine ndogo, dakika kumi tu, na mbele yangu bahari. Yaani tope. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka huyaoni, mchanga wa kijivu unaong'aa umekwenda hadi upeo, na ng'ambo yake vilima vya Lake District, yaani wilaya ya maziwa, vimejipanga buluu juu ya buluu. Nilisikia harufu ya nyumbani, ya maji kupwa Tanga, ila bila mikoko na bila joto.

Kuna mbao za tahadhari: mchanga hapa unazama, na maji yanaporudi yanakimbia kumshinda mtu. Tarehe 5 Februari 2004 wafanyakazi wasiopungua 21 kutoka China walizama usiku kwenye ghuba hii wakiokota kombe. Nimewaona shangazi zangu wakiokota kombe maisha yangu yote, wanajua bamvua kwa kidole. Wale hawakuambiwa. Niliupiga mchanga mtupu kwa ajili yao, sikuweka mtu ndani ya picha.

Kando ya bahari kumepita njia pana ya kutembea, ndefu, na kwenye njia hiyo kuna benchi, benchi, benchi. Hapo nikaona ninachokitafuta. Karibu kila benchi ina kibao kidogo cha shaba nyuma ya mgongo, chenye jina la marehemu, miaka yake, na neno: alipapenda hapa. Watu wa Uingereza wakifiwa huweza kulipia benchi mahali marehemu alipopenda kukaa. Nilisoma vibao kwa saa nzima. Mume na mke, miaka 51 wakija hapa. Baba, babu, mvuvi. Mwanamke mmoja: "Kaa nasi kidogo." Kwenye benchi hiyo nilikaa, maana nilikuwa nimekaribishwa.

Upande wa pili wa benchi ileile alikuja kukaa bibi na mbwa wake, tukatazama tope pamoja. Baadaye wakaja wengine benchi za jirani. Wanafungua chipsi, wanawafukuza shakwe, wanatazama mbele. Saa kumi na moja kasorobo jua likazama, mapema hivyo, likageuza mchanga wote kuwa shaba ya vile vibao. Nikarudi nyuma hatua kumi nikawapiga kwa mgongo: benchi nne, watu sita na mbwa mmoja, na mwanga wote ule mbele yao.

Nilimtumia mama palepale, maana kwake ilikuwa saa mbili kasorobo na hulala mapema. Nikaandika: "Mama, baraza yao nimeipata."

Jumatatu, 28 Oktoba. Kurudi

Nilipoamka ujumbe wake ulikuwa umefika. Aliusema taratibu, nasikia jogoo nyuma yake.

"Mwanangu, pazuri, Mungu awarehemu hao waliotoa viti vyao. Lakini mbona wote wanatazama upande mmoja? Barazani mtu humtazama mwenzake."

Nikafungua kompyuta kitandani nikapitia picha za wiki nzima. Stendi ya Preston: benchi zote zimeelekea vioo. Bustani ya Chesterfield niliyoikatiza nikienda sokoni: benchi zimeelekea maua. Mabanda ya basi Bolton: kiti kimoja chembamba, kimeelekea barabara. Nilikuwa nimetembea mikoa kadhaa nikipiga migongo na pande za nyuso. Ningekaa Uingereza miaka mingine sita bila kuliona hilo, na yeye ameliona kutoka Ngamiani kwa picha moja kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Viti viwili vya plastiki vya Belgrave Road vilielekeana, lakini nilipiga mikono tu. Nikarudi nyuma zaidi, mpaka kafe ya soko, picha tatu za giza zenye umanjano ambazo nilikaribia kuzifuta. Niliichagua ya pili, nikaondoa umanjano kidogo, nikauacha ukungu wa dirishani kama ulivyo. Birika, vikombe viwili, nusu keki. Niliituma nikiwa stesheni ya Morecambe, mfuko wa muhogo wa Bolton miguuni.

Alijibu kabla treni haijafika Lancaster. Alikuwa akicheka.

"Ee, hawa ndio. Na huyo wa koti la bluu ndiye mwenye habari."